Sura ya Sita: Mguu Ulio Nao, Saa Ulizo Nazo

Ratiba nyingi za marathoni zinazozunguka kwenye simu zetu zimeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na kazi wala maumivu. Mtu huyo analala kwa saa nane kila usiku, mtoto wake hapati homa, na hajawahi kuitwa kazini Jumamosi. Ana wiki 16 zilizonyooka. Mkimbiaji wa Tabata, Dar es Salaam, anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku akiichukua ratiba hiyo kama ilivyo, wiki ya tatu inamshinda, ya nne anajilaumu, ya tano anajaribu kufidia, ya sita anachechemea.

Sura hii nimemwandikia yeye. Kwa mtu mwenye kazi na mguu unaolalamika, ufundi mkubwa wa mazoezi ni kujua cha kuacha, na kukiacha mapema kabla mguu haujamwamulia.

Tuanze na sababu ya kuumia. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Aliyeanza kukimbia Oktoba, kufika Krismasi anapanda ghorofa tatu bila kuhema na anajiona yuko tayari kwa lolote. Mifupa na kano haziendi kwa mwendo huo. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, ndiyo maana hujengeka taratibu na hupona taratibu. Mfupa nao ukipata mzigo mpya huanza kwa kuondoa sehemu zilizochakaa kabla ya kuweka mpya, kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambapo mfupa wa mkimbiaji mpya ni dhaifu kidogo kuliko alipokuwa anakaa tu. Ni wiki hizo hizo ambazo pumzi yake inamwambia aongeze.

Wengi wamefundishwa kwamba dawa ni kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Kanuni hiyo ilipimwa Groningen, Uholanzi, kwa wakimbiaji wapya zaidi ya 500, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: walioongeza taratibu kwa wiki 13 waliumia karibu sawa na waliofuata mpango wa kawaida wa wiki 8. Mwaka 2025 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, na hapo ndipo jambo lilipofunguka. Hatari haikuonekana kwenye jumla ya wiki. Ilionekana kwenye siku moja: mtu anapokimbia umbali unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio yake ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita.

Matokeo hayo yanamhusu moja kwa moja mtu mwenye kazi. Jumanne foleni ilimkwamisha, Alhamisi kulikuwa na kikao, Ijumaa kulikuwa na msiba. Jumapili kikundi kinakutana saa 11 na nusu kwa kilomita 24, na yeye mwezi mzima hajavuka 14. Anaenda, kwa sababu wenzake wanaenda na kwa sababu anaona ana deni la wiki nzima. Pumzi inambeba, anamaliza anacheka, picha zinapigwa. Jumatano kisigino kinawaka moto. Mbio zilizopita hazilipwi. Siku ya Jumapili usiangalie karatasi inasemaje. Angalia ndani ya siku 30 ulifika wapi. Kama ni 14, leo ni 15. Waage wenzako kwenye kona na urudi.

Sasa kisigino, kwa kuwa ndicho kinachowasumbua wengi hasa baada ya miaka 35. Dalili yake haijifichi. Unaamka, unashusha miguu kitandani, na hatua tano au kumi za kwanza kuelekea chooni unatembea kama mtu aliyevaa mbao. Baada ya dakika chache kunalainika. Ukianza kukimbia kunauma kidogo, kisha kunapoa, na hapo ndipo unapodanganyika, maana asubuhi inayofuata kumekaza zaidi ya jana. Ukiibana kano kwa kidole gumba na cha shahada, sentimita chache juu ya mfupa wa kisigino, unakuta uvimbe mdogo unaouma.

Tiba inayojulikana zaidi ya tatizo hili ilianzia kwa daktari mwenyewe aliyekuwa na shughuli nyingi. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Umeå, kaskazini mwa Sweden, alikuwa mkimbiaji na kano ya kisigino ilimtesa. Akaomba afanyiwe upasuaji. Mkuu wake akakataa, kwani hospitali isingemudu kumkosa kwa likizo ya ugonjwa. Alfredson akaona njia ni moja: aitese kano mpaka ikatike, ili wasiwe na budi kumpasua. Akawa anasimama kwenye ngazi na kujishusha kwa mguu mbovu, kila siku, licha ya maumivu. Kano haikukatika. Ilipona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya zoezi hilo kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia kama zamani.

Zoezi lenyewe halihitaji jimu wala kifaa. Simama kwenye kipandio cha ngazi, sehemu ya mbele ya unyayo ikiwa juu ya ukingo na kisigino kikining'inia. Nyanyuka kwa mguu mzima, hamishia uzito kwenye mguu mbovu, kisha ushuke nao polepole mpaka kisigino kiwe chini ya usawa wa kipandio. Usinyanyuke kwa mguu mbovu. Kazi yake ni kushuka tu. Mara 15, pumzika, rudia mpaka seti tatu, goti likiwa limenyooka. Halafu seti tatu nyingine goti likiwa limepinda kidogo, ili msuli wa ndani wa kigimbi nao upate mzigo. Asubuhi na jioni. Ni mishuko 180 kwa siku. Ikiacha kuuma, vaa begi la mgongoni na utie kitu kizito ndani. Kama maumivu yako yapo kwenye mfupa wenyewe wa kisigino na si juu yake, fanya sakafuni bila kushuka chini ya usawa, maana kule chini unaibana kano kwenye mfupa na kuitonesha.

Je, uache kukimbia wiki hizo zote 12? Swali hili lilijibiwa vizuri na utafiti mwingine wa Sweden wa mwaka 2007, ulioongozwa na Karin Grävare Silbernagel. Wagonjwa 38 wa kano ya kisigino walifanya mazoezi ya aina moja ya kuimarisha, lakini nusu yao waliacha kukimbia na kuruka kwa wiki sita za kwanza, na wengine waliendelea kwa sharti la kupima maumivu. Kipimo chenyewe kila mtu anakiweza: sifuri hadi 10, ambapo 10 ni maumivu mabaya kuliko yote unayoyajua. Wakati wa mazoezi yasizidi 5. Kesho yake asubuhi yawe yametulia. Na wiki hadi wiki yasipande. Mwisho wa utafiti makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawasawa.

Ningependa kila mkimbiaji wa Kiswahili akikariri kipimo hicho, hasa kile kipande cha asubuhi ya pili. Maumivu ya wakati wa kukimbia hudanganya kwa sababu mwili umepata joto. Asubuhi haidanganyi. Zile hatua za kuelekea chooni zinakupa jibu la jana bila malipo: zikiwa nyepesi kuliko wiki iliyopita, endelea, zikiwa nzito, punguza.

Na jambo moja ambalo wakimbiaji wetu hawaambiwi. Siprofloksasini, ile dawa ambayo watu hununua dukani bila cheti kwa ajili ya mkojo au homa ya matumbo, iko katika kundi la antibiotiki linaloweza kudhoofisha kano na hata kuikata, na kano inayoathirika zaidi ni hiyo ya kisigino. Marekani iliagiza onyo kali kuhusu kundi hilo liwekwe kwenye maelezo ya dawa mwaka 2008. Ukiandikiwa, mwambie daktari kwamba wewe ni mkimbiaji na umuulize kama ipo nyingine. Vivyo hivyo usimeze diklofenaki asubuhi ya mbio ili "kujiwahi". Mwili uliokaukiwa maji kwenye joto, pamoja na dawa hiyo, ni mzigo mzito kwa figo, na maumivu uliyoyazima ndiyo yaliyokuwa yanakulinda.

Mambo ya kano nimeyaeleza kwa upole kwa sababu kano inavumilia majadiliano. Mfupa hauvumilii. Kama ugoko unauma kwa urefu, kama mstari, na unapoa ukipumzika siku chache, unaweza kupunguza na kuendelea. Lakini kama unaweza kuweka ncha ya kidole kimoja mahali pamoja na kusema "ni hapa", kama ukiruka kwa mguu huo mmoja unashtuka, kama kunauma usiku umelala, acha kukimbia siku hiyo hiyo. Huo ni mfupa unaoanza kupasuka. Eksirei ya wiki za kwanza inaweza kuonekana safi kabisa na ufa upo, kwa hiyo picha safi isikutume barabarani. Mweleze daktari dalili na umuulize kuhusu kipimo cha MRI. Kwa kawaida ni wiki sita hadi nane bila kukimbia. Na mwanamke ambaye hedhi imekatika miezi mitatu huku anaongeza mazoezi na kupunguza chakula asifurahie kwamba amepata mwili wa mkimbiaji. Mifupa yake inapoteza nguvu wakati huo huo, na tiba inaanzia kwenye sahani.

Hapa ndipo mtu hunitajia John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anamjua: Mexico City, 20 Oktoba 1968, mkimbiaji wetu anaingia uwanjani giza limeshaanza, goti limefungwa bandeji, anakokota mguu hadi kwenye mstari, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Namheshimu Akhwari kuliko ninavyoweza kuandika. Ila funzo tunalolichukua kwake silo. Akhwari hakwenda Mexico na goti bovu. Alianguka katikati ya mbio, katika msukumano wa kugombea nafasi, na yaliyofuata yalikuwa uamuzi wa siku moja, kwa ajili ya nchi yake, mbele ya dunia. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba alijenga mazoezi yake ya kila wiki kwa mtindo huo. Tena habari zake haziishii Mexico, ingawa tunaposimulia tunaishia hapo. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akashika nafasi ya tano. Goti lililopona ndilo lililofanya kazi hiyo. Anayekimbia na ugoko uliopasuka siku ya Jumanne, barabara ya Mandela, asijifananishe na Akhwari wa Mexico. Amtazame yule wa Edinburgh.

Ukitafuta mfano wa kufanya mazoezi huku umeumia, mimi humtaja Joan Benoit wa Marekani. Machi 1984 goti lake lilikwama katikati ya mbio ndefu. Tarehe 25 Aprili alipasuliwa. Majaribio ya kuchagua timu ya Olimpiki yalikuwa 12 Mei, siku 17 baadaye. Katika siku za kwanza baada ya upasuaji, mguu ukiwa hauwezi kitu, alikuwa anaendesha baiskeli ya ndani kwa mikono ili moyo usilale. Alishinda majaribio, na tarehe 5 Agosti akashinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika historia ya Olimpiki, mjini Los Angeles, kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52. Sikushauri urudi barabarani siku 17 baada ya kisu. Aliharakisha mno, na msuli wa nyuma ya paja ulimwadhibu kabla ya majaribio. Ninachomsifia ni ile baiskeli ya mikono. Aliuliza ni kiungo gani bado kizima, akakifanyisha kazi.

Kwetu hapa swali hilo lina majibu ya bei nafuu. Baiskeli ya kawaida haipigi mguu chini na haitonesha mfupa. Kukimbia majini, kwenye kina ambacho miguu haigusi chini, ukiwa umevaa boya kiunoni, huupa moyo mazoezi yanayokaribia ya barabarani. Mtu wa Dar, Mombasa au Tanga mwenye rafiki anayejua kuogelea hana haja hata ya bwawa, mradi bahari imetulia na asiende peke yake. Na kuna jambo la kumtuliza aliyelazimika kupumzika kabisa: wiki moja bila kukimbia haipunguzi karibu chochote. Baada ya wiki mbili au tatu uwezo wa kutumia hewa unashuka kwa asilimia chache. Wiki moja uliyoiacha mapema mara nyingi huokoa miezi miwili.

Sasa saa. Eliud Kipchoge na wenzake wa Kaptagat wamezoea kukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki, na kati ya zoezi la asubuhi na la jioni wanalala. Kukimbia ndiyo kazi yao, na kulala ni sehemu ya kazi hiyo. Anayeazima kilomita zao bila kuazima usingizi wao ameazima nusu ya dawa, na nusu hiyo inaumiza.

Wa kumwazima ni Yuki Kawauchi. Alizaliwa Japani mwaka 1987, na majeraha ya enzi za sekondari yalimfanya asionekane na timu kubwa za makampuni, ambazo kule ndizo zinazolea wakimbiaji wa marathoni. Akaajiriwa serikalini, katika jimbo la Saitama, akifanya kazi ofisini kwenye shule ya sekondari yenye masomo ya jioni. Alikimbia asubuhi kabla ya kazi, kwa kawaida mara moja tu kwa siku wakati wenzake walikimbia mara mbili, na utaratibu alioutoa chuoni ulikuwa wa siku mbili ngumu kwa wiki, zilizobaki polepole. Mwaka 2017, kwenye mbio za dunia London ambako Alphonce Simbu wetu alipata shaba, Kawauchi alikuwa wa tisa, na mshindi alikuwa Geoffrey Kirui wa Kenya. Mwaka uliofuata, 16 Aprili 2018, Boston, kwenye mvua ya baridi na upepo wa usoni, karani huyo alimpita Kirui huyo huyo karibu na mwisho akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58. Alikuwa bado ameajiriwa.

Kipaji cha Kawauchi hakiazimiki. Utaratibu wake unaazimika: siku mbili zenye maana, nyingine za polepole kwelikweli, na kazi ikaheshimiwa kama sehemu ya ratiba.

Tuseme wewe ni muuguzi wa zamu: asubuhi mbili, jioni mbili, usiku mbili, kisha mapumziko. Wiki ya siku saba haikuhusu. Panga kwa mzunguko wa zamu zako. Mbio ndefu iwe siku ya pili ya mapumziko, baada ya kulala usiku mmoja kamili, na kamwe usiiweke asubuhi unayotoka zamu ya usiku, hata kama kikundi kinapita mlangoni kwako. Zoezi la kasi liwe moja katika mzunguko, mchana wa kabla ya zamu ya jioni au alfajiri kama unaiweza. Kati ya hayo, dakika 30 au 40 za mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Mishuko ya kisigino ifanywe kwenye ngazi za wodi, chai inapochemka. Siku uliyolala kwa saa nne tu, futa kasi na uweke matembezi. Siku ambayo kila kitu kimeharibika, lala. Mazoezi matatu kwa mzunguko, yakifuatana miezi mitano, yanamfikisha mtu kwenye nusu marathoni akiwa mzima, na nimeona yakiwafikisha wengi.

Kwa watu wa Pwani kuna la ziada. Kilimanjaro Marathon huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mazoezi mazito ya mtu wa Dar yanaangukia Desemba, Januari na Februari, miezi ya joto kali na unyevu mwingi. Usiifukuzie saa ya mkononi miezi hiyo. Kasi ya Julai ukiilazimisha Januari unatumia moyo wa mbio kwenye siku ya polepole, na hupati siku ya kupona. Mwezi wa Ramadhani nao unataka mpango wake: dakika chache kabla ya futari, au baada ya tarawehe, bila mbio ndefu na bila kufidia Idi ikiisha. Na kwa kuwa njia ya mbio hizo, kule Moshi, inapanda kuelekea Mweka na kisha kuteremka, tafuta mteremko wa kuzoesha mapaja. Wakazi wa Pugu na Kimara wanayo milima mlangoni. Anzia na michache. Kuteremka huumiza misuli ya paja kuliko kupanda.

Kurudi baada ya jeraha kufanyike kwa kutembea. Ukiweza kutembea haraka dakika 40 na asubuhi ya pili mguu uko kimya, changanya: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, siku moja ndiyo siku moja hapana. Zile siku 30 zinaanza kuhesabiwa upya. Kama mbio yako ndefu katika siku hizo ni kilomita tatu, basi wewe leo ni mkimbiaji wa kilomita tatu, bila kujali medali zilizoko ukutani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unasoma sura hii zimebaki wiki tatu, namba ya kukimbilia umeshalipia, na kuna mahali pamoja kwenye ugoko unapaogopa kupabonyeza, pabonyeze sasa. Kama panauma, nenda hospitali kesho na Moshi usiende. Mbio hizo hufanyika kila mwaka.